Redio Koli Iliyozikwa Mcheleni

Redio koli ya Mzee Apolinari, mlinzi wa uwanja wa mpira Chamazi, ililowa mvua. Akaibandua mfuniko na kuifukia kwenye mchele, kama watu wanavyofanyaga na simu. Ikawa bubu kabisa.

Alipoipeleka kwa Fundi Tusajigwe, fundi aliifungua kibandani kwake huku akisonya, maana punje zilikuwa zimejazana ndani. Moja ikagusa chuma chake cha kulehemea, ikaungua taratibu, na harufu ikaitoa akili yake kibandani. Mchele wa Kyela, wa kwao. Mama anapepeta uani, pumba zinapaa kama ukungu, jua halina haraka. Mikono ikaendelea kulehemu yenyewe, ikapachika betri.

Redio ikakoroma. “We mzee, uko wapi?” akauliza mlinzi mwenzake Mzee Apolinari kutoka getini kwa uwanja.

Tusajigwe akabonyeza kitufe.

“Nyumbani,” akajibu.