Dokta ameniuliza kama niko na gun

Leo nimeenda kupima presha tu, karibu nitoke jambazi.

Dokta, mama mpole wa kliniki ya hapa mtaani Berea, akauliza: "Nyumbani iko gun?"

Nikajibu haraka: "Ndiyo, iko. Na kazini iko ingine. Natumia kila siku."

Kalamu yake ikasimama.

"Watoto wanaigusa?"

"Binti yangu namfundisha. Ameungua kidole mara moja tu."

Eish, ule uso!

Si mnajua natengeneza simu? Gun kwetu ni ile ya hewa moto, ya kulegeza kioo.

Nikamweleza, akacheka. Halafu akauliza polepole: "Na ya risasi?"

"Dokta, hiyo ndiyo ilitufanya tukimbie kutoka Kongo."

Akapima presha tena. Imepanda.

Wandugu, mimi sielewi kwa nini dokta aulize hayo. Bunduki wanaitibu na dawa gani?