Pombe ya Kaburini na Kipokezi Kipya

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya baridi, kule Rosettenville, ambayo hainitoki kichwani. Na kichwa chenyewe ndicho nilichokuwa nikikisomea.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Johannesburg, mwenye koti jeupe na maneno marefu. Mwalimu wangu wa maabara, Mama Rehema, alikuwa Mtanzania wa Morogoro. Huko ndiko alikoolewa na Themba, mpigania uhuru aliyekuwa uhamishoni, na nchi ilipokombolewa akamfuata kwao. Kwa miaka mingi mama huyu alishikilia kwamba kemikali hafifu za ubongo, kama tairamini, si vibarua tu wa zile kubwa. Zina vipokezi vyao, yaani milango yao wenyewe kwenye seli. Wenzake walimcheka. Kisha ikaja habari kutoka ng'ambo: kipokezi kimepatikana.

Nikaikimbiza habari hadi nyumbani kwake, mtaani Rosettenville, kana kwamba nimekigundua mimi.

Mzee Themba alikuwa sebuleni, blanketi mabegani. Huzuni ilimlaza tangu arudi, na dawa pekee iliyomwinua ilikuwa ya zamani, yenye mwiko mkali: asiguse kilichochachushwa. Dawa ile iliuzuia mwili kuivunja tairamini iliyojaa katika vyakula hivyo, na tairamini hiyo ingeweza kumpandisha presha hadi kumuua. Na wiki iliyofuata lilikuwa linazinduliwa jiwe la kaburi la mama yake, aliyefariki mwanawe akiwa uhamishoni. Kwa mila ya kwao, mwana mkubwa ndiye huonja kwanza pombe ya mtama, umqombothi, ndipo ukoo unywe.

"Kijana," akaniuliza, macho yakiwaka, "hiyo tairamini sasa ina mlango wake?"

"Inao, Mzee."

"Basi haina haja ya kunivunjia wangu. Sharp, safi kabisa! Nitakunywa."

Nikamtazama Mama Rehema. Siku ile ilikuwa ya ushindi wake. Angeweza kunyamaza akaifaidi.

"Baba Rehema," akamwambia mumewe taratibu, "mlango mpya haufungi wa zamani. Kipokezi wamekiona kwenye seli za maabara. Kama ubongoni mwako kinafanya kazi yoyote, sijui. Presha yako naijua."

"Eish! Miaka yote unautafuta mlango huo. Leo umepatikana, unanifungia mimi nje?"

"Nakufungia ndani, uishi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mdogo wangu, kabla hujabeba habari, uliza kwanza nani ana kiu."

Mzee alikwenda makaburini. Akakipokea chungu cha pombe, akaimimina yote chini bila kuonja. Ndugu wakanong'ona kwamba mke wa Tanzania amemtenga na wazee wake. Mdogo wake akanywa mahali pake, na tangu hapo yeye ndiye akawa mkubwa wa ukoo. Mzee aliishi, ndiyo, ila hakualikwa tena kwenye shughuli za ukoo. Na wataalamu waliendelea kubishana kipokezi kile kina kazi gani kichwani mwa mtu.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, mwanangu. Wahenga hawakutaja mashemeji. Jipya likigunduliwa, lifurahie, lakini usilipe uzito lisio nao, kwa maana anayeteseka atalisikia kama ruhusa. Mwambie unalolijua; usilolijua, sema hulijui, hata akuchukie.

Mungu akujalie ulimi usio na haraka, na akupe mtu atakayekupenda kiasi cha kukunyima.