Mashine Isiyojua Kusitiri

Kinyozi hajinyoi, na seremala ndiye mwenye nyumba isiyo na milango. Kwa fundi huyu vyumba vyote vilikuwa na mapazia. Milango aliyoichonga ilikuwa ikibebwa na tajiri mmoja mwenye lori, ikaenda kutundikwa miji ambayo fundi mwenyewe hakupata kuikanyaga, na sasa hata huyo tajiri ni marehemu. Kila mlango uliondoka na ua lake: ua lenye majani yaliyokunjwa ncha, kama kichanga anayekunja vidole usingizini. Hakufundishwa na mtu. Mkono ulilichora tu, kichwa kikafuata nyuma.

Mkewe ndiye aliyegundua kwanza kwamba mkono umeanza kutetemeka. Aliujua kwa chai. Kikombe kiligonga kisahani, tiki tiki tiki, naye akajikoholesha ili mumewe adhani hakusikia. Baadaye patasi ikaanza kuteleza. Hospitali wakampa vidonge, wakamwambia ugonjwa huo hauponi, unabembelezwa tu. Vidonge vilimletea usingizi, mkono haukuvijali.

"Baba mtoto, si upumzike kidogo?"

"Nikipumzika, utaniamsha niwe nani?"

Mkewe akajifunga upya kanga. Mtoto alikuwa mgongoni, anamvuta nywele. Huyo aliahidiwa kitanda tangu akiwa tumboni, kitanda chenye ua la baba yake kichwani, na kila siku kitanda kilikuwa cha kesho.

Ndipo fundi alipokuja na habari za mashine. Aliiona kwenye simu: mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Unaipa mchoro, inachonga yenyewe, haichoki wala haitetemeki. Ya kununua ilikuwa ya kutazama tu. "Basi tutaiunda," akasema, na aliyeitikia ni jirani yao, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake pia.

Karakana ilikuwa chumba cha uani, chenye harufu ya gundi. Humo wakaunda meza ya mbao ngumu, wakafunga reli za droo za kabati, wakatia mota zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu za kuchapisha, na skrubu ndefu za kukisogeza kisu huku na huku, juu na chini. Fundi alipima, mkewe akashika. Kushika alikujua: ubao, taa, mtoto, hata ulimi.

Walipoiwasha mara ya kwanza ililia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni.

"Usiogope shemeji," Waya akasema. "Inakuamkia tu."

"Iambie marahaba, na inyamaze. Mtoto kalala."

Fundi akacheka. Mkewe alikuwa amekisahau kicheko hicho, akainama kuokota skrubu ambayo haikuanguka, ili wasimwone uso.

Siku ya kuchonga kweli, fundi alitaka ua liwe lake mwenyewe. Alichukua karatasi, akabana kiwiko mezani, akachora. Waya akaupiga mchoro picha, akauingiza kwenye kompyuta. Wakafunga ubao wa kichwa cha kitanda, kisu kikashuka.

Mashine ilifanya kazi bila kosa. Muda wote fundi alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani. Ilipotulia, akapuliza vumbi.

Ua lilikuwapo. Ila kila jani lilikuwa na meno. Kingo zote zilijaa vimawimbi vidogo vidogo. Kwenye karatasi unene wa kalamu ulikuwa umevisitiri. Kisu hakikusitiri kitu. Mkewe alivitambua palepale. Ilikuwa ile tiki tiki ya kikombe, sasa imechongwa kwenye mti mgumu.

"Mashine haina kosa," fundi akasema polepole. "Imenifuata mimi."

"Hilo dogo, kaka. Naunyoosha mstari humuhumu." Waya akabonyeza, meno yakapotea kwenye kioo cha kompyuta. Ua likawa laini, la duara, zuri kama la kwenye sahani za plastiki.

Fundi akalitazama. "La nani hilo?"

"Lako!"

"Langu nisilijue? Ncha zake ziko wapi?"

Waya akazirudisha ncha, na meno nayo yakarudi. Kompyuta haikujua ipi ni ncha na upi ni ugonjwa.

"Basi lete kazi yako ya zamani tuipige picha. Yoyote, hata kipande."

Wote wakageuka kuitazama nyumba. Pazia. Pazia. Stuli ya mabanzi iliyofungwa kwa waya. Jirani akafungua mdomo alete ule utani wa kinyozi asiyejinyoa, akaumeza.

Fundi akavuta karatasi nyingine. "Mama mtoto, njoo unishike."

Alikuja na mtoto wake mgongoni. Akakishika kifundo cha mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akakibana kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba ndoo. Chini ya ngozi aliusikia ule mtetemo, kama kifaranga aliyefumbatwa kiganjani, ukipapatika bila kujua kuwa umeshikwa. Waya akawapa mgongo, akawa anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Nakuumiza?"

"Kaza tu."

Akakaza. Kalamu ikagusa karatasi, ikaanza kwenda, na mstari ukatoka na meno yake, huku mkewe hajui tena kati yao ni mkono wa nani unaotetemeka.