Disketi ya Maternité ya Nyangezi

Wakati wa vita, biro letu la wachoraji wa nyumba pale Bukavu halikuacha mchoro ndani ya masini. Askari waliingia walipotaka, wakabeba ordinateri, yaani kompyuta, kama mtu anabeba kuku. Kwa hiyo kila jioni mchoraji wetu alitia mchoro kwenye disketi, akaufuta katika masini, akanipa disketi mimi, mama wa kufagia. Niliifunga ndani ya sashe ya plastiki, nikaizika katika beseni la unga wa muhogo, nikapanda nayo kichwani mpaka nyumbani Kadutu. Askari walichota fungu lao la unga, wakaniachia njia. Asubuhi niliirudisha.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa maternité, nyumba ya kuzalia, ya Nyangezi, kwetu. Kuta zilikuwa zimesimama tayari; wanawake wa kule ndio walibeba mawe mgongoni. Mabati yalikuwa depo, hapa mjini. Lakini wenye msaada walikataa kuyatoa bila karatasi za mchoro wa paa, zenye sahihi. Na binti yangu, aliyeolewa Nyangezi, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilitaka azalie chini ya paa lile.

Mchoraji aliniambia: "Maman, hii faili ni ya programu yetu ya zamani. Mutu akiifungua na programu mupya, itamuuliza kama iibadilishe. Akikubali, akaandika juu yake, kwetu haitafunguka tena. Kurudi hakuna. Anayetaka kuiangalia kwa masini ingine afanye kopi kwanza, aguse ile kopi." Akaandika juu ya disketi kwa wino mwekundu: KOPI KWANZA. Shule niliiacha chini kabisa, lakini hayo niliyasoma.

Kisha mchoraji akashuka Luvungi kuzika mama yake. Ndipo enjeniere mmoja akafika kutoka Nairobi na ordinateri ya mkononi, programu mpya ndani, na perfume.

"Maman, leta ile disketi."

"Papa, mchoraji alisema kopi kwanza."

Alicheka mpaka mkubwa wa biro akatoka. "Mukubwa, kuya usikie! Maman wa fagio amekuwa architecte!"

Mkubwa naye akacheka. "Mupe, maman. Tangu lini fagio inachora nyumba?"

Nikampa. Alitaka tu kumwonyesha mkubwa jinsi programu yake inavyosogeza dirisha. Swali likatokea, akabonyeza bila kulisoma. Dirisha likasogea, wakapiga makofi, akahifadhi juu ya disketi ile ile.

Mchoraji aliporudi, masini yetu ilikataa faili. Alijaribu tena na tena, kisha akaweka mikono juu ya magoti.

"Si kitu," enjeniere akasema, akakopi faili ndani ya ordinateri yake, disketi akatuachia. "Mimi naifungua. Navuka mpaka, nachapisha kule, naleta." Akanigeukia. "Maman, mbele ya Mungu, wiki hii binti yako anapata paa."

Nilimwamini. Hakurudi. Alipata kazi nzuri zaidi huko, na mkubwa alijua, maana ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu.

Wenye msaada walipokuja kuuliza karatasi, mkubwa hakusema programu, hakusema enjeniere. Alininyooshea kidole. "Huyu mama alificha disketi ndani ya unga. Unga umeingia, imekufa."

Unga! Unga uliookoa kazi yao mbele ya bunduki. Mchoraji alifungua mdomo, mkubwa akamtazama, akaufunga. Yeye alikuwa na watoto wa kulisha, simhesabu na wale wawili. Mimi nilifukuzwa siku hiyo. Mkubwa alinitupia disketi: "Beba takataka yako."

Mabati yalipelekwa Minova. Binti yangu alizaa ndani ya kuta zile, maana ndipo mkunga alipokuwa, chini ya sheeting ya plastiki waliyofunga kwa kamba. Mvua ikaishusha. Mtoto alitoka analia vizuri. Baridi ikamkamata kifuani, hakufika ubatizo. Binti yangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma.

Enjeniere nimemwona baada ya vita, nje ya kanisa, na tumbo kubwa. "Maman ya unga! Bado uko?" Nikamuuliza habari ya disketi. "Ah, ile? Ilikuwa mambo ya version ya programu tu."

Ya version tu. Nilirudi nyumbani, nikaitoa, nikaipeleka kwa biro moja la wachoraji wenye programu mpya. Dada wa pale alipuliza vumbi, akaitia, faili ikafunguka mara moja. Hakuna unga, hakuna kilichokufa. Nikamwomba anichapishie.

Karatasi iko ukutani kwangu, kila anayeingia anaiona. Paa lote lipo, mbao kwa mbao. Na dirisha moja limesogezwa.