Mchongaji wa Baraza la Pili

Juzi wamekuja vijana na kamba za kupimia hapa mtaani kwetu Temeke. Wanataka kutandaza matofali, magari yasipite, watu watembee kwa miguu, na mafundi wa sanaa wapewe vibanda wakae nje wauze. Wakaniuliza, "Bibi, zamani hapa palikuwaje?" Nikawajibu palichangamka, nikaingia ndani. Wewe nakwambia yote.

Miaka ile ya Ujamaa, mie nina miaka saba, njia hii ilikuwa mchanga na nyayo tu. Kila baraza na kazi yake: huku ukili wa mikeka unasukwa, kule cherehani inakanyagwa. Bibi yangu alikaanga vitumbua, harufu ya iliki inawafuata watu mpaka kituoni. Mie nilitwanga mchele hadi viganja vikatoka malengelenge. Baraza la pili alikaa mchongaji, Mmakonde, na gogo lake la mpingo. Tezo yake ndiyo iliyotuamsha: ko, ko, ko.

Yeye na bibi walikuwa watani.

"We mtani! Mwanamume mzima huna kazi, unakuna magogo tu!"

"Afadhali magogo yangu, mama. Vitumbua vyako hata mchwa hawavitaki!"

Mtaa unacheka. Halafu bibi anamfungia vitumbua vitatu vya moto, kila siku ya Mungu.

Ikatangazwa asiye na kazi asikae mjini. Watu wakapakiwa malori, wakalime vijijini. Asubuhi moja akapita balozi wetu wa nyumba kumi na mabwana wawili, mmoja kashika daftari. Bibi yuko bombani, mchongaji kaenda kutafuta gogo. Balozi akatangulia nyumba ya mbele. Bwana wa daftari akainama, akaniuliza kwa upole, "Mtoto mzuri, anayekaa baraza hili ana kazi gani?"

Nikataka kumchekesha, kama bibi anavyochekesha watu. "Huyo? Hana kazi huyo. Anakunaga magogo tu."

Hakucheka. Akaandika.

Kesho yake lori. Mchongaji aliwanyooshea viganja vyenye sugu. "Hii si kazi?" Wakamwambia, "Daftari linasema unakuna magogo tu. Panda." Bibi katoka mbio, upawa unachuruzika mafuta. "Muacheni! Ni utani wangu tu, kazi anayo!"

"Mama, tumeambiwa na watu wa hapa hapa kwenu."

Bibi akageuka, akamtazama balozi aliyesimama kando ya lori.

Mchongaji hakurudi, wala habari yake hatukuipata. Gogo alilolianza likapasuka kwa jua. Wenye ukili wakahamia uani, cherehani ikaingia chumbani. Nani akae nje aonekane? Njia ikabaki ya kupita tu, kila mtu na haraka zake. Bibi hakumtania mtu tena. Balozi aliapa mpaka kwa msahafu kwamba si yeye aliyesema, bibi akajifunika kanga usoni. Nami nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, sawa. Lakini nikakua, nikaolewa, nikazaa, bado nimenyamaza.

Bibi alipokufa, balozi alikuja msibani akakaa pembeni, mkeka mzima peke yake. Mie nikampelekea maji, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono. "Mtaa huu wote, wewe peke yako ndiye hujawahi kunishuku. Mungu akulipe."

Nikasema amina.