Pete Ilisema Mzee Amelala Vizuri

Nimekosa, na niliyemkosea hayupo tena wa kunisamehe. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana kujitetea najua sana, na ndiko kulikonifikisha hapa.

Jina langu niachieni. La baba mkwe wangu nisingelitaja hata kama ningetaka. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe. Haingii nyumba aliyomo, hasemi naye, hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani anachepuka kwenye migomba, anajifunika kanga, anangoja apite. Vijana wa Tukuyu mjini wanalicheka jambo hili, lakini kijijini kwetu, upande wa kuelekea Kisiba, bado lipo, na mimi nimelifuata miaka tisa ya ndoa yangu.

Msidhani mila hiyo ilikuwa inamtupa mzee. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na mstari mmoja wa migomba, na katikati yetu alikuwepo shangazi wa mume wangu, dada wa mzee, mjane anayekaa hapo jirani. Kila asubuhi shangazi aliingia kwa kaka yake, akamsalimia "Ugonile", yaani umelala, kisha akaketi kumsikiliza alivyolala. Halafu anakuja kwangu na ripoti kamili: amekohoa, amekula ndizi nusu, goti linamuuma, anataka mtindi. Mimi napika, yeye anapeleka. Hivyo ndivyo nilivyomtunza mkwe wangu bila kumwona.

Basi mwaka jana mume wangu, anayefanya kazi Kahama, akaja likizo na pete.

Pete nyeusi, nyepesi, ndani ina vitaa vya kijani. Anayeivaa inampima mapigo ya moyo, inahesabu hatua anazotembea, inajua kalala saa ngapi. Mume wangu alimvalisha baba yake, akaweka programu yake kwenye simu yangu na kwenye simu yake. Nikisogea karibu na mzee, simu yangu inavuta namba kutoka kwenye pete, na muda huohuo mume wangu anaziona akiwa Kahama. Akaniambia sasa mkwe wako utamwona bila kuvunja mila.

Jamani, nilifurahi! Nyuma ya nyumba ya mzee, upande wa chumba chake cha kulala, kuna ukuta na vichaka vya magimbi. Nikawa nasimama pale asubuhi na alasiri, simu mkononi, dakika mbili tu. Namba zinapita ukutani, zinaingia. Mapigo themanini na nne. Amelala saa sita. Hatua elfu moja na mia mbili. Napiga skrinshoti, namtumia mume wangu, ananijibu "daktari wangu". Moyo unanijaa, natembea kijijini kama niliyesomea.

Kosa langu la kwanza lilizaliwa hapo. Shangazi alipokuja na ripoti zake nikaanza kuzikatisha. Akisema kaka hakulala, mimi natoa simu, namwonyesha kwamba amelala saa sita na robo. Akisema anachoka, namwambia mbona ametembea hatua nyingi kuliko jana. Siku moja ya mvua alifika amelowa chapachapa, amechelewa, nami nina haraka ya kwenda Kiwira kuuza vitenge vyangu. Nikamwambia apumzike tu, siku hizi naona mwenyewe.

Alikamua maji kwenye pindo la kanga. "Haya, mwanangu," akasema. "Kama simu inajua kumwuliza amelala, mimi nikanywe chai yangu."

Nilijua amekasirika. Nilijua! Nikaacha, nikasema atapoa. Kuanzia hapo chakula nilikuwa nakiweka mwenyewe kizingitini kwa mzee, nagonga mfuniko mara mbili, naondoka. Yeye akishakula anarudisha bakuli palepale. Jumamosi anaivua pete, anaiweka ndani ya bakuli tupu, naichukua kuichaji, jioni inarudi pamoja na chakula. Hatukuhitaji mtu.

Mzee mwenyewe hakuipenda sana ile pete. Akiivua tu mwanawe anampigia simu kuuliza mbona haisomi. Asipotembea anapigiwa. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani akimjibu kwenye kisimu chake cha vitufe, ndiyo mwanangu, nitavaa, nitatembea, kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa. Alikuwa mtu wa utani na ujanja mwingi, aliyewahi kumwambia mchungaji kwamba sadaka yake imeliwa na mbuzi.

Mvua za masika zikashika. Jumapili moja shangazi alikutana na kaka yake wakitoka kanisani, halafu akaja mlangoni kwangu, mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Hakuketi. Akaniambia, "Ile pete inamla kidole. Na miguu imejaa, leo kaenda kanisani na kandambili."

Sikilizeni nilivyojibu, maana maneno haya nayasikia mpaka leo. Nilimwambia mwambie apake mafuta. Nikasema ni baridi na mvua, vidole vya wazee huwa hivyo, asiivue tu, mwanawe atanilaumu mimi. Kisha nikafungua simu nikamwonyesha namba. Mapigo yalikuwa tisini na sita. Programu iliandika kwamba hakuna shida. Shangazi hasomi, akatazama tu kile kioo kama mtu anayeonyeshwa picha ya mgeni, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata pete ilikuja kwenye bakuli ikiwa na sabuni iliyokaukia, na kwa ndani mstari mwembamba wa damu. Mnaelewa? Mzee aliitoa kwa sabuni, ikachuna ngozi. Mimi niliifuta kwa pindo la kanga, nikaichaji, nikairudisha jioni pamoja na makande.

Tangu Jumapili namba zikawa nzuri ajabu. Mapigo sitini na sita. Asubuhi sitini na sita, alasiri sitini na saba. Usingizi mrefu, wa kina. Hatua tu ndizo zilikuwa sifuri, nami nikasema mvua hii nani atatembea. Nikamtumia mume wangu pamoja na neno hilo la mvua, akafurahi mpaka akanirushia vocha. Bakuli lilikuwa linarudi na chakula zaidi ya nusu. Hilo sikumwambia, kwa sababu halikuwa kwenye simu.

Sasa nafika Jumatano.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kibasi cha Kiwira kilikuwa kinakaribia kupita, furushi langu la vitenge nimeliacha barabarani kwa jirani. Nikapita nyuma ya ukuta haraka kuchukua namba. Sitini na sita, kila kitu kijani. Ndipo nikasikia pumzi. Pumzi ya mtu anayepanda mlima, na huku yuko kitandani. Nikasimama, mguu mmoja kwenye magimbi.

Nadhani alisikia majani. Akasema kwa ndani, polepole, akipumzika katikati ya maneno, "Uliye hapo nje. Niitie dada yangu."

Mkwe wangu alinisemesha! Kwa miaka tisa hakuwahi. Alijua ni mimi, nani mwingine anapita kule nyuma? Mtu mzima kama yule asingevunja mila kwa jambo dogo. Nami nisingeweza kumjibu, sawa, lakini nani alinizuia kwenda kumwita shangazi? Hatua hamsini hazifiki. Mila haikunizuia, maana mila yenyewe ilikuwa imemweka shangazi pale kwa ajili ya saa kama ile. Niliona aibu kwenda kumbembeleza mtu niliyemwachisha kazi. Nikaangalia simu tena. Sitini na sita. Nikajiambia ni mafua, nikitoka Kiwira nitampitia shangazi.

Nikakimbilia gari.

Nilirudi saa tisa. Nikakuta watu uani kwa mzee, na wanaume wanang'oa mlango wa jikoni wa kumbebea. Shangazi ndiye aliyemkuta. Hakuitwa na mtu, alisema tu roho ilimkataa kukaa, akaenda. Mzee alipelekwa hospitali Igogwe akiwa hai, na kabla ya magharibi simu ikaja kwamba ametutoka. Daktari aliwaambia kwamba moyo ulikuwa umechoka kwa muda, maji yamejaa mwilini, na uvimbe wa namna ile hauji kwa siku mbili. Akauliza kama hakuna aliyeuona.

Asubuhi ya pili, msiba umeshaanza, mzee yuko mochwari, nilitumwa kukata majani ya migomba ya kukalia watu. Nikaenda nyuma ya nyumba yake bila kuwaza, simu kiunoni. Nilipofika kwenye ukuta ule simu ikatetemeka.

Kwa Kiingereza chake kizuri iliandika habari ya asubuhi, umelala vizuri. Saa saba na dakika arobaini. Mapigo sitini na sita.

Kisu kikaniponyoka. Nilifikiri uchawi, nilifikiri mzee hajafa, wamemfungia mochwari akiwa hai. Wanawake walikuwa mbele ya nyumba wanalia. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikaingia kwa mlango wa uani, chumbani kwa mkwe wangu, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Kitanda kilikuwa kimeachwa vilevile. Nikainama na simu mkononi. Uvunguni kulikuwa na kikapu, ndizi zimefunikwa majani makavu ziive.

Pete ilikuwa imevishwa kwenye ndizi.

Ndizi moja nyembamba, pembeni, imeanza madoa meusi, na chini ya pete vile vitaa vya kijani vinawaka na kuzimika. Mzee wa watu! Jumamosi ile haikuingia tena kidoleni, kidole kilishavimba. Akiiacha mezani mwanawe atapiga simu. Sijui aligunduaje, labda kwa kujaribu tu, labda alicheka peke yake. Fundi simu mmoja wa Tukuyu nilimuuliza baadaye kwa kuzungukazunguka, akasema pete za bei ya chini taa yake ikigonga kitu chochote chenye majimaji inaweza kubahatisha namba. Kwa hiyo siku nne nilimtunza tunda, na mkwe wangu anazama upande wa pili wa ukuta.

Niliivua nikaifunga kwenye pindo la kanga. Ndizi niliitupa chooni. Sikumwambia mtu.

Bado kuna baya zaidi. Msibani wazee waliuliza ilikuwaje mtu avimbe hivyo na dada yake yuko mlango wa pili. Shangazi akasema aliambiwa aache. Mume wangu akanigeukia mbele ya watu, macho mekundu, akauliza kama ni kweli. Nikasema nilimwambia apumzike siku moja tu, ya mvua. Siku moja ni kweli, ilikuwa siku moja. Shangazi hakubishana. Tangu hapo ukoo unamwita mtu aliyemsusia kaka yake. Kwenye mikutano ya ukoo haitwi. Kuni zake anakata mwenyewe.

Na mume wangu anasema nilifanya kazi yangu, namba zipo, zinaonyesha. Yeye tangu msiba hajazifungua tena. Anasema hana moyo. Anakuja Jumamosi hii kujengea kaburi, na ameniambia jioni yake tutakaa tufungue pamoja, tuzipitie siku za mwisho za baba, moja moja.

Nimefuta programu kwenye simu yangu, lakini kwake zipo zote. Ataikuta Jumatano, saa tatu, namba zilipoingia nimesimama pale. Ataukuta usiku ambao baba yake alikuwa kwenye jokofu Igogwe, na ataona amelala vizuri, saa saba na dakika arobaini. Atanitazama. Kila nikifumba macho naona anavyonitazama.

Jana nilikwenda kwa shangazi na mtindi na unga. Nikapiga magoti pale jikoni, nikamwambia yote, la ukutani na la kwenye kikapu. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha, akanawa mikono.

"Aliniita?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Alisemaje? Sema kama alivyosema."

Nikasema kama alivyosema. Akaniomba nirudie. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, nami nikaondoka na bakuli langu. Leo asubuhi nimepita kwake nikamsalimia kwa nje, "Ugonile, shangazi." Nimemsikia anatembea ndani. Hajajibu.

Jumamosi nitampa mume wangu pete kabla hajafungua simu, nitamwambia mbele ya shangazi na wazee walewale. Ndoa ikivunjika, ivunjike. Nimeyaandika haya leo ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Wewe uliyemvalisha mzazi wako kitu kama hicho, sikukatazi. Ila usimwachishe mtu anayeingia ndani kila asubuhi kuuliza umelalaje. Na siku ukiambiwa pete inabana, tafadhali, usifungue simu. Nenda, au mtume mwenye ruhusa ya kwenda, akakitazame kidole.