Gauni la Kijani la Madamu Rozalia

Kila asubuhi, kabla hajasaini na kabla hajamsalimia mtu, Madamu Rozalia aliingia stoo ya shule, akausukuma mlango kwa kisigino, akavua gauni jeusi na kuvaa la kijani. Lile jeusi alilikunja taratibu na kuliweka juu ya gunia la unga wa uji, kama mtu anayemlaza mtoto. Jioni aliingia tena stoo, akavua la kijani, akavaa jeusi, akashika njia ya nyumbani kwake Kawajense, Mpanda, akiwa mjane kamili.

Mumewe alipokuwa hai hakuwa na haja ya stoo. Alitoka nyumbani na kijani chake mchana kweupe, miaka na miaka, rangi ileile, mshono uleule, mpaka walimu wenzake wakambatiza Madamu Kijani. Mwalimu wa hesabu alisema ni ubahili. Mwalimu wa dini alisema ni nadhiri. Rozalia aliwaacha waseme, maana ukweli wenyewe ulikuwa mrefu kidogo, na ulikuwa na jina. Uliitwa Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Nkwabi na Dorotea, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao na kuweka kaya Kasokola. Hasemi. Daktari alisema ni usonji. Majirani walisema mengine. Siku baba yake alipomleta shuleni kwenye keria ya baiskeli, alipigia kelele kila kitu: kengele, bendera, watoto waliokuja kumshangaa. Rozalia alitoka darasani amevaa gauni la kijani alilokuwa nalo, gauni tu kama magauni mengine. Kabula akashuka, akashika pindo, akalisugua katikati ya vidole, akanyamaza.

Kesho yake Rozalia akaja na la bluu. Mtoto akang'ang'ania keria mpaka Nkwabi akageuza baiskeli akarudi naye. Keshokutwa yake likaja la kijani, na Kabula akashuka. Rozalia akaelewa. Akaenda sokoni kutafuta kitambaa kilekile na kumpelekea fundi cherehani amshonee mengine, yote sawa. Telesphor, mumewe, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Kumbe nimeoa jani la mgomba!" alisema. Halafu mwenyewe akarudi sokoni kununua kitambaa chote kilichobaki, kisije kikaisha.

Darasa la Rozalia lilikuwa chumba kimoja mwisho wa uwanja. Walikiita Kitengo. Humo waliletwa watoto wenye usonji na wale wanaochelewa kuelewa, wakubwa kwa wadogo. Walimu wengine walikuwa na mitihani ya kuwahangaisha. Rozalia alikuwa na vikombe, sabuni na picha za kukata kwenye maboksi. Humo Kabula alijifunza kunawa, kusubiri zamu yake ya uji, kushika kijiko, kuonyesha picha ya maji akiwa na kiu. Na humo kidonda cha kifundo cha mguu wake kilipona.

Kile kidonda kilikuwa cha kamba. Dorotea alikieleza tangu siku ya kwanza, bila kuficha.

"Madamu, nikikaa kumlinda, nani atalima? Nikimwacha, anafuata barabara mpaka anapotea. Tunamfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya ndama. Jioni tunamfungua."

Rozalia hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mlete hapa kila siku. Hapa hatuna kamba."

Mvua zilipokuwa zikiisha, Telesphor akafa. Alikuwa mtu wa Usevya, mkulima wa mpunga, na huko ndiko ndugu zake walikomzika. Dada yake, Eufrazia, ndiye aliyemvika Rozalia nguo nyeusi, na ndiye aliyerudi naye Kawajense kukaa naye mpaka siku ya kuweka msalaba kaburini. Katika ukoo wao mjane havui nyeusi mpaka ndugu wa marehemu wamvue. Rozalia alilijua hilo, na hakuwa na ugomvi nalo. Alimpenda mumewe. Nyeusi ilimkaa moyoni kabla ya kumkaa mwilini.

Lakini Kabula je?

Akaamua kumfundisha rangi nyeusi kama alivyomfundisha kijiko. Alianza na kifungo kimoja cheusi kwenye gauni la kijani. Kabula alikilamba, akakiangalia, akakizoea. Ikafuata kola nyeusi. Siku ya kola mtoto alikaa chini ya meza mpaka saa ya uji. Baadaye akatoka, akainusa, yakaisha. Kisha mikono. Mapumziko, Rozalia alikaa na sindano, na pembeni yake alikaa Agape, mwalimu kijana aliyetoka chuo kikuu, binti mpole asiyeuliza kitu, akimshikia pindo lisicheze.

"Tukifika kufunga shule," Rozalia alimwambia, "nitakuwa nyeusi tupu, na yeye hatajua ni siku gani nilibadilika."

Agape alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu wa kutikisa kichwa.

Walikuwa wamefika kwenye mikono Eufrazia alipokuja shuleni. Alikuja kwa wema. Wifi yake alikuwa amesahau dawa za presha mezani, naye akamfuata nazo kwa miguu. Akapita getini, akazunguka madarasa, akafika bombani. Hapo akamkuta mjane wa kaka yake ndani ya kijani, amezungukwa na watoto, anapiga makofi na kuyumbisha kiuno huku akiimba wimbo wa kunawa mikono.

"Wifi!"

Makofi yakakatika.

"Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe uko huku unakata mauno bombani?"

"Wifi, nafundisha kunawa."

"Kunawa kunahitaji kiuno? Mimi nimenawa tangu nizaliwe, sijawahi kucheza!" Walimu wawili walichungulia dirishani. Eufrazia alimsogelea, akaishika ile kola. "Na hii ni nini? Kola nyeusi, mikono myeusi... Umeufanya msiba wetu kiraka?"

Kabula, ambaye hapendi sauti kali, alikuwa ameziba masikio na kuuma pindo la gauni.

Nyumbani Rozalia alieleza yote: kifungo, kola, keria, kamba ya ndama. Eufrazia alimsikiliza mpaka mwisho, hilo lazima lisemwe. Halafu akauliza:

"Huyo mtoto ni nani kwetu?"

"Si mtu kwetu."

"Na Telesphor?"

Rozalia alilitazama gauni lake jeusi.

"Basi sikia, wifi. Jumamosi tunaweka msalaba. Nyeusi umeivua mbele ya watu, utaivaa mbele ya watu. Ijumaa nakusindikiza mwenyewe mpaka getini, usimame pale wakuone, walimu na wazazi. Tukitoka hapo tunapanda gari la Usevya. Hutaki, baki na watoto wako. Msalaba tutauweka wenyewe, na watu wakiniuliza mjane yuko wapi, nitawaambia anacheza bombani."

Mwalimu mkuu naye, alipopata habari, alimwita pembeni. "Madamu, vaa tu, yaishe. Maneno yameshafika kwa wazazi. Mtoto mmoja huyo, siku moja hiyo."

Mtoto mmoja, siku moja. Rozalia alilirudia neno hilo akichambua mchele, akalirudia akifua. Alijua kabisa kwamba Telesphor angecheka. Angesema, jani la mgomba livae nyeusi, kwani limeungua? Lakini Telesphor ndiye aliyekuwa chini ya ule udongo, hakuwepo kumtetea. Na Rozalia alitaka kitu kimoja tu katika mambo hayo yote: kusimama pale na kuweka mkono wake kwenye ule msalaba. Hakutaka shamba, hakutaka ng'ombe. Alitaka asiwekwe nje siku hiyo.

Alimpigia Nkwabi amwambie Ijumaa asimlete mtoto. Simu haikupatikana, Nkwabi huiacha madukani senta ikichajiwa. Alipiga mara moja, akairudisha simu mkobani. Akajiambia kwamba Kabula ameshazoea kola, ameshazoea mikono, pengine na gauni zima atalipokea. Pengine.

Ijumaa walisimama getini, wifi na wifi, Rozalia mweusi kuanzia kilemba hadi viatu. Wazazi walipita wakisalimia kwa sauti za chini. "Pole, Madamu." "Poleni sana." Eufrazia aliitikia kwa niaba yake, ameridhika.

Baiskeli ya Nkwabi ikatokea. Kabula alikuwa ameanza kushuka, mguu mmoja tayari uko chini, akitafuta kijani. Akainua uso. Akaona sura anayoijua juu ya nguo asiyoijua.

Kelele aliyoitoa ilisimamisha foleni ya wanafunzi uwanjani. Nkwabi akamshika, mtoto akamng'ata mkono. Akachomoka, akakimbilia barabarani. Bodaboda ikayumba, ikamkosa kwa nafasi ndogo, na dereva, badala ya kumshukuru Mungu, akageuka na kupaza sauti:

"Mzee, funga mzigo wako!"

Watu wakacheka. Watu wazima, wenye watoto, walicheka.

Rozalia alipiga hatua kumfuata. Kabula alipomwona anakuja akapiga kelele zaidi, akajigonga kichwa chini kwenye changarawe. Rozalia akarudi nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake asubuhi hiyo, kurudi nyuma. Agape alikuja mbio, akapiga magoti barabarani, lakini mtoto hakumtazama.

Nkwabi alimbeba binti yake, akamweka kwenye keria, akachukua mpira wa kufungia magunia na kumfunga nao kiunoni. Damu ilikuwa inamtoka mkononi. Hakupandisha sauti.

"Madamu, mimi ni mtu wa ng'ombe, sikusoma. Mlisema nimlete, nimemleta. Leo mmenivua nguo barabarani. Sirudi hapa kuchekwa."

"Nkwabi, Jumatatu..."

"Wifi," Eufrazia alimvuta kiwiko, na sauti yake yenyewe ilikuwa imeshuka, "twende. Gari litatuacha."

Rozalia akaenda.

Usevya msalaba uliwekwa. Aliugusa. Ulikuwa wa saruji, bado una unyevu, na jina la Telesphor lilikuwa limeandikwa vizuri. Wanawake wa kule walimsifu: mjane wa kweli, alivyotulia, nyeusi ilivyomkaa. Eufrazia alimshika mkono mbele ya wote. Siku hiyo Rozalia alikuwa na kila alichokitaka, na aliporudi kwenye gari alikaa dirishani akizitazama baiskeli za njiani mpaka Mpanda.

Jumatatu alivaa kijani kitupu, bila kola, bila mikono myeusi, akasimama getini. Jumanne pia. Wiki ilipoisha alimwomba Agape wafuatane Kasokola.

Dorotea alikuwa anapukuchua mahindi uani. Kabula alikuwa kivulini, amekaa kwenye mfuko wa mbolea, kamba ya ndama mguuni, mwisho wake kwenye nguzo. Kovu la zamani lilikuwa limefunguka.

"Karibuni, walimu," Dorotea alisema bila kuinua macho.

"Dorotea, nimemfuata."

"Baba yake kakataza. Na yeye hayupo, ameshashuka na ng'ombe kutafuta maji. Tukimaliza haya mahindi na sie tunamfuata, tunahama."

"Huko mnakokwenda kuna shule ya hivi?"

"Huko hata shule ya wazima iko mbali, Madamu."

Rozalia akachuchumaa. Kabula hakumtazama usoni, hakuwahi kumtazama usoni. Alinyoosha mkono tu, akapata pindo, akaanza kusugua. Walikaa hivyo mpaka kivuli kikahama. Rozalia alikuwa amebeba gauni moja la kijani kwenye mfuko, akamwekea mapajani. Mtoto aliliacha lianguke. Alitaka lile lenye mtu ndani.

Ilipofika wakati wa kuondoka hakuachia. Dorotea aliacha mahindi, akaja, akafungua vidole vya binti yake kimoja baada ya kingine, akimnong'oneza Kisukuma, na machozi yakimtoka bila sauti. Kabula hakupiga kelele. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Walitembea muda mrefu kati ya mashamba yaliyokatwa, vumbi likipanda hadi magotini. Agape alikuwa nyuma hatua chache, kama kawaida yake. Karibu na barabara kubwa akaharakisha, akamfikia, akauliza kwa sauti ambayo ungedhani anaomba radhi:

"Madamu, siku ile pale getini, hukujua kama angekimbia?"

"Nilijua," Rozalia alisema.